Nywila ya Msimamizi Inayoombwa Mara kwa Mara Wakati wa Usasishaji wa Programu: Changamoto na Mapendekezo kwa Halmashauri za Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi
Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya maafisa TEHAMA wa halmashauri za mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako ukusanyaji wa mapato na huduma za afya hutegemea mifumo ya kompyuta. Haikusudii kumlaumu mtumishi wala ofisi yoyote.

2.0 Ufafanuzi wa istilahi
Nywila ya msimamizi ni neno la siri linalomruhusu mtu kubadili mfumo wenyewe wa kompyuta. Usasishaji ni kuweka toleo jipya la programu, hasa lenye kuziba mianya ya usalama, nao huitwa wa kujiendesha pale kompyuta inapoufanya kwa ratiba bila kuamriwa.

3.0 Kiini cha tatizo
Usasishaji unaoonekana kuwa mmoja ni mkusanyiko wa kazi nyingi, na kila kazi inayogusa mfumo huweza kuomba idhini yake. Windows imekuwa ikitumia kisanduku cha idhini tangu toleo la Vista la mwaka 2007, ilhali katika Linux idhini hutolewa kupitia amri iitwayo sudo, ambayo ikishapewa nywila huikumbuka idhini hiyo kwa dakika 15 tu katika Ubuntu, kisha huuliza upya. Penye intaneti ya kasi dakika hizo hutosha. Penye modemu ya simu, faili moja huweza kupakuliwa kwa muda mrefu zaidi ya huo, hivyo amri inayofuata katika skripti hukuta idhini imekwisha na kusimama.

Hapo ndipo penye uchungu. Usasishaji uliopangwa saa nane usiku husimama mbele ya swali lisilo na wa kulijibu, na asubuhi karani wa mapokezi katika kituo cha afya hukuta kisanduku kinachomdai neno asilolijua, huku wagonjwa wamepanga foleni. Akighairi, kisanduku hurudi kesho yake. Afisa TEHAMA yuko makao makuu ya halmashauri, kwa hiyo nywila hutajwa kwa simu herufi kwa herufi, huandikwa kwenye karatasi, na karatasi hubandikwa kwenye ukingo wa skrini. Tangu hapo si siri tena, na kilichoivujisha ni kisanduku kilekile kilichowekwa ili kulinda.

Wengine huchoka na kuzima masasisho kabisa. Hatari yake ilionekana Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipovuruga hospitali za Uingereza kupitia mwanya ambao Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuuziba tangu Machi mwaka huohuo. Wengine huandika nywila ndani ya skripti, au humpa kila mtumishi haki za msimamizi, jambo linalosikitisha kwa kuwa mgodini mwenye cheti cha ulipuaji hukabidhiwa baruti kwa kazi hiyo tu, wala hakabidhiwi mgodi mzima.

Suluhisho ni kuikabidhi kazi ya kusasisha huduma ya mfumo wenyewe, ambayo tayari ina mamlaka hayo: katika Windows ni huduma inayoendeshwa kwa akaunti ya SYSTEM, na katika Ubuntu ni programu iitwayo unattended-upgrades. Huduma hizo haziombi nywila kwa sababu msimamizi huidhinisha mara moja tu, anapoziwekea mipangilio.

4.0 Mapendekezo
(i) Usasishaji uendeshwe na huduma ya mfumo, si kwa akaunti ya mtumishi.
(ii) Pale ambapo sudo haiepukiki, ruhusa ya kutoulizwa nywila itolewe kwa amri mahususi tu, kamwe si kwa amri zote.
(iii) Masasisho yapakuliwe kwanza kwenye seva ya halmashauri, ndipo yasambazwe vituoni, ili kasi ndogo ya intaneti isimalize muda wa idhini.
(iv) Kila kompyuta iwe na nywila yake ya msimamizi. Kwa Windows, zana ya LAPS huibadilisha yenyewe.
(v) Nywila isiandikwe ndani ya skripti, isibandikwe kwenye skrini, wala isitajwe kwa simu.
(vi) Masasisho yasizimwe kwa sababu ya usumbufu, kwani taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.
(vii) Kumbukumbu za usasishaji zikaguliwe kila wiki, ili uliokwama ujulikane kabla karani hajakutana nao asubuhi.
(viii) Inasisitizwa tena kwamba mamlaka ya kusasisha yawe ya huduma, yasiwe ya mtu.

5.0 Hitimisho
Mapendekezo mengi kati ya haya hayahitaji bajeti mpya, bali siku moja ya afisa TEHAMA kuweka mipangilio katika kila kituo, na uongozi unaokubali kwamba siku hiyo ni sehemu ya kazi yake.