Unyevu Kabla ya Kupanda: Kwa Nini Mbegu za Karanga Hazioti Lindi na Mtwara

Mada niliyopewa inahusu mahitaji ya mbegu ili iote, na mahitaji hayo kila afisa ugani aliyemo humu anayafahamu: maji, hewa na joto, na kwa baadhi ya mimea mwanga au giza. Mbegu ya karanga hunyonya maji hadi unyevu wake ufikie takriban asilimia 35 ndipo ichipue. Udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30 huiharakisha, na kina cha sentimita 5 kinaitosha. Maji yakituama, mbegu hukosa hewa ikaoza. Sitayarefusha hayo. Sharti linalotangulia yote ni kwamba mbegu iwe hai siku inapofukiwa, na kwa karanga za Lindi na Mtwara hapo ndipo tunaposhindwa mwaka hadi mwaka. Mapengo tunayoyaona shambani mwezi Januari huandikwa kwenye taarifa kuwa ni mvua haba au udongo uliochoka. Kwa maoni yangu, mengi kati yake yalikwisha kuanza nyumbani, maji yalipoingia kwenye mbegu kabla ya wakati wake.

Karanga huku huvunwa Mei na Juni na kupandwa Desemba au Januari. Maana yake mbegu hukaa ghalani miezi sita au saba, katika hewa ya mwambao iliyojaa unyevu, nayo mbegu hufuata hewa inayoizunguka: hewa ikiwa na majimaji, nayo huyavuta. Karibu nusu ya uzito wa punje ya karanga ni mafuta, na mafuta hayashiki maji, kwa hiyo unyevu mdogo tu hutosha kuiharibu. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 13 yanahifadhika. Karanga zilizobanguliwa hazitakiwi kuzidi 7 au 8. Wataalamu wa mbegu huitumia kanuni ya Harrington: unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja, uhai wake ghalani huongezeka karibu maradufu, na joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5 huwa vivyo hivyo. Kupoza ghala mkulima wetu hawezi, lakini ukavu umo ndani ya uwezo wake, mradi karanga zianikwe vizuri na zibaki ndani ya maganda yake hadi msimu ukaribie.

Tatizo linaloturudisha nyuma kuliko yote ni desturi ya kuloweka au kunyunyizia maji maganda ili yalainike wakati wa kubangua. Tumeikataza katika mafunzo, vipeperushi na vikao vya vijiji, na bado ipo. Yafaa tueleze kwa undani inafanya nini. Maji yanayolainisha ganda hayakomei kwenye ganda. Hupenya hadi kwenye punje na kukiamsha kiinitete, ambacho huanza kupumua na kula akiba yake bila udongo wa kukipokea. Karanga za kundi la Spanish, mfano Pendo, hazina kipindi cha kulala baada ya kukomaa, hivyo huamka upesi zaidi. Punje ikianikwa tena baada ya hapo, kiinitete hukaukia njiani, na iliyopona huota kinyonge. Ngozi nyembamba iliyolowa huchubuka, na ukungu wa Aspergillus, unaozalisha sumukuvu, hupata mlango. Gunia hilohilo likiwa na karanga za kula, basi hasara haiishii kwenye uotaji, inafika mezani.

Watetezi wa desturi hii wana hoja nzito, na nasikitika kwamba mara nyingi tumewajibu kwa kukemea. Wabanguaji wengi ni wanawake na watoto, na ganda kavu huumiza vidole kwa siku nyingi. Hiyo ni kweli. Lakini mbegu ni sehemu ndogo ya mavuno: kwa kiwango cha kilo 80 hadi 100 kwa hekta, mwenye robo hekta anahitaji kilo 20 hadi 25 tu. Hizo ndizo zinazopaswa kubanguliwa kavu kwa mkono, kidogo kidogo. Zilizobaki zipelekwe kwenye mashine, ambayo mipasuko yake haimdhuru muuzaji kama inavyouua mche. Wapo wanaosema ganda linajaza ghala. Linajaza, ndiyo, lakini kwa kiasi hicho cha mbegu ni suala la gunia moja au mawili. Wengine hudai kwamba kudondosha punje mbili au tatu kwenye shimo kunafidia. Kunakula mbegu, na bado mashimo mengine hubaki matupu, na shamba lenye mapengo huwavutia vidukari wanaoeneza ugonjwa wa rozeti. Na kuhusu mvua, nakubali kwamba ukame wa Januari unaua miche, ila hatuwezi kuihukumu mvua kabla ya kuijua mbegu.

Bila kuingilia mamlaka ya wakaguzi wa mbegu, napendekeza yafuatayo. Mbegu itengwe siku ya kuvuna, isisubiri masalio ya mauzo. Ianikwe juu ya turubai au chanja, ihifadhiwe na maganda yake, ibanguliwe kavu wiki chache kabla ya kupanda. Halmashauri zinazonunua mashine za kubangua zizielekeze kwanza kwenye karanga za kula na za biashara, ili mikono ipumzike na mbegu isiguswe na maji. Vikundi vinavyozalisha mbegu za kuazimiwa ubora vipewe vipima unyevu, na ubanguaji wa kulowesha utajwe waziwazi kuwa sababu ya kukataa shehena. Kila kijiji kifanye jaribio la uotaji mwezi Novemba: punje 100 katika mchanga mbichi, zihesabiwe baada ya siku 10. Zikiota chini ya 70, mkulima atafute mbegu nyingine mapema, kabla majirani hawajamaliza akiba zao. Nasisitiza tena suala la kubangua kavu, kwa kuwa mengine yote yanaweza kutekelezwa na ndoo moja ya maji ikayafuta. Na matokeo ya jaribio hilo yaambatanishwe kwenye taarifa ya msimu, ili anayeandika kwamba mvua ndiyo iliyosababisha mapengo aonyeshe kwanza mbegu ilikuwa na uotaji wa asilimia ngapi.