Lori na bodaboda

Msikilizaji, dereva wa bodaboda anayetoka Mpepai kwenda Songea hukutana na malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Tupige hesabu. Lori la tani 30 linakwenda kilomita 60 kwa saa. Pikipiki na dereva wake, kilo 200, inakuja na 40. Zikigongana uso kwa uso na kunasana, jumla ya momenta, yaani tungamo mara kasi pamoja na mwelekeo wake, haibadiliki. Lori linapungua hadi 59 tu! Mwenye pikipiki, kufumba na kufumbua, anasukumwa kinyumenyume kwa hiyo 59. Lakini nishati ya mwendo hupotea, na hiyo ndiyo inayokunja vyuma na kuvunja mifupa. Helmeti hulinda kichwa, si kifua. Kwa hiyo tochi za trafiki za kupima mwendo ziyabane malori kwanza.