Uongozi wa Mtu wa Kazi: Maisha ya Joseph Arch



Uchaguzi unapokaribia, twasikia wakisema kwamba fundi wa kijijini hafai kukaa barazani, maana hana elimu ya juu wala mali. Napenda basi tuyatafakari maisha ya Joseph Arch, fundi wa nyua wa kijiji cha Barford, mkoa wa Warwickshire, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1826 na kufariki mwaka 1919.

Alipokuwa na miaka tisa alianza kuamia ndege mashambani, saa kumi na mbili kwa siku, kwa ujira wa peni nne. Baadaye alijifunza kukata na kusuka nyua za miti zinazotenga mashamba, akawa bingwa wa kazi hiyo.

Akiwa mtoto alichungulia kanisani kupitia tundu la ufunguo, akaona jinsi waumini walivyoijongea meza ya Bwana: kwanza kabaila peke yake, kisha wakulima wakubwa, kisha mafundi na wenye maduka, na mwisho kabisa vibarua. Jambo hilo lilimchoma moyo. Alipokua akawa mhubiri mlei wa Wamethodisti. Nasi tujiulize: mnyonge akichungulia kwetu, ataona nini?

Vibarua wengi wa siku zile waliishi katika nyumba za waajiri wao. Aliyethubutu kulalamika aliweza kupoteza kazi na makao kwa pamoja. Arch alikuwa na ufundi uliotafutwa huku na huku, na kijumba kilichokuwa mali ya ukoo wake. Hivyo, tarehe 7 Februari 1872, vibarua wa Wellesbourne walipohitaji msemaji, walimwendea yeye. Usiku huo alisimama juu ya kigoda chini ya mti, akawahutubia. Mwaka huo huo kikaundwa chama cha taifa cha vibarua wa mashambani, naye akawa rais wake. Kufikia mwaka 1874 kilikuwa na wanachama zaidi ya 80,000.

Mambo ya mkoa yalikuwa mikononi mwa mahakimu, wengi wao wenye ardhi, wasiochaguliwa na wananchi. Mabaraza ya kuchaguliwa yalipoanza mwaka 1889, fundi wetu akawa diwani wa Warwickshire. Tayari mwaka 1885, vibarua wa vijijini walipopiga kura kwa mara ya kwanza, alikuwa amechaguliwa kuwa mbunge.

Ndugu zangu, anayekula jasho lake hanunuliki kwa urahisi. Lakini tusimwachie ushujaa mwenye nyumba yake peke yake. Asiye na kiwanja wala kazi ya hakika naye ana neno la kusema, na ni wajibu wa jumuiya kumlinda asije akaadhibiwa kwa kusema kweli.

Tujadili katika jumuiya zetu:

1. Ni nani kijijini petu anayeogopa kusema, na anamtegemea nani?
2. Tunampima mgombea kwa kazi yake, au kwa chumvi na kanga anazogawa?
3. Diwani wetu akitutetea na kutishwa, tutasimama naye?