Mbwa wa Ghala ni Dhamana ya Chama

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Kinondoni na Temeke



Nimeombwa niseme machache juu ya utunzaji wa mbwa. Huenda wapo wanaojiuliza mkaguzi wa hesabu ana shughuli gani na mbwa. Jibu ni hili: vyama vingi vya pembezoni mwa jiji letu, kuanzia Bunju na Mbweni hadi Mbagala na Chamazi, vina ghala, duka au banda la kuku, na usiku ulinzi wake ni mtu mmoja na mbwa wawili. Mtu yule ana jina katika orodha ya mishahara. Mbwa hawamo katika daftari lolote. Chakula chao hukikuta kimeandikwa "matumizi mengineyo", na nikiuliza cheti cha chanjo, katibu humtazama mwenyekiti, naye mwenyekiti humtazama mlinzi.

Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, mbwa wa ghala alimwuma mtoto wa miaka 7 aliyekuwa akienda bombani. Kamati ilikaa siku mbili ikijadili kama mbwa yule ni wa chama au ni wa mlinzi. Muda huo mama wa mtoto alikwisha kuliosha jeraha kwa sabuni na kumpeleka mwanawe hospitali kwa fedha za kukopa. Mtoto alipona, lakini alipona kwa busara ya mama yake, wala si kwa utaratibu wa chama.

Ndugu zangu, kichaa cha mbwa si jambo la kujadiliwa siku mbili. Ugonjwa huu huenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa yanapoingia katika jeraha. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Inakadiriwa kwamba duniani watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kiasi cha wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Hata hivyo ni ugonjwa unaozuilika. Ndugu zetu wa Pemba waliuondoa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Ukarejea mwaka 2016, wakachanja tena, na kufikia mwaka 2018 ukawa umeondoka mara ya pili. Wataalamu husema kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Basi yapasa tuyajue mambo ya msingi.

Kwanza, chanjo. Mtoto wa mbwa achanjwe kichaa afikishapo miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kumwendea. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi kampeni za chanjo hufanywa karibu na siku hiyo. Cheti kihifadhiwe katika jalada la chama, si mfukoni mwa mlinzi.

Pili, chakula na maji. Wapo wanaodhani kwamba mbwa mwenye njaa ndiye mlinzi mkali. Sivyo. Mbwa mwenye njaa huacha lindo akaenda jalalani, na mwizi humnunua kwa kipande cha nyama. Mpeni ugali wa dona uliochanganywa na dagaa au utumbo uliopikwa, kwa saa maalumu. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa matumbo. Wala vitunguu, ambavyo huharibu damu yake. Maji safi yawepo mchana na usiku, hasa katika joto la Dar es Salaam, maana mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema.

Tatu, malazi na usafi. Banda liwe na paa, kivuli na sakafu iliyoinuka ili mvua za masika zisimkute amelala matopeni. Asifungwe mnyororo mfupi kutwa nzima. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali hata kwa mwenyewe, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza mnyama kuteswa. Akaguliwe kupe masikioni na katikati ya vidole. Apewe dawa ya minyoo kama aelekezavyo daktari wa mifugo, na kinyesi chake kizolewe kila siku, kwani baadhi ya minyoo yake huwaingia watoto wachezao mchangani.

Nne, majirani. Tunaishi pwani, na wanachama wetu wengi ni Waislamu wanaojihadhari na mate ya mbwa. Mbwa wa ulinzi hakukatazwa, lakini heshima ni wajibu: chombo chake kiwe mbali na vyombo vya watu, asilegezwe wakati watu wanakwenda sala ya alfajiri, na mlinzi asilazimishwe kumshika kinyume cha imani yake.

Tano, akiuma mtu. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe majivu wala pilipili. Aliyeumwa apelekwe hospitali siku ile ile akapate chanjo, na amalize sindano zote alizoandikiwa, hata jeraha likiwa dogo. Mbwa, ikiwezekana kumshika kwa usalama, asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10. Akibadilika tabia, akidondokwa mate, taya likalegea au sauti ikakauka, mtu yeyote asimkaribie.

Sasa narudi kwenye kazi yangu. Naomba kila chama kifanye mambo matatu kabla ya mkutano mkuu ujao. Mbwa waandikwe katika daftari la mali ya chama. Makisio ya mwaka yawe na kifungu cha chakula chao, chanjo na dawa, pamoja na akiba ya kumtibu atakayeumwa. Na mjumbe mmoja wa bodi atajwe katika muhtasari kuwa ndiye mwenye dhamana nao. Chama kisichoweza hayo heri kiongeze kufuli kuliko kufuga mbwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa kwa sindano moja kwa mwaka. Nitakapokuja kukagua vitabu, baada ya daftari la fedha nitaomba vyeti vya chanjo.