Kura Iliyoibwa na Mashine ya Kusagia: Filamu ya Sarkar na Siasa za Tamil Nadu



Kanuni za Uendeshaji wa Uchaguzi za India za mwaka 1961 zina kifungu kinachoitwa 49P, ambacho kwa miaka mingi kilijulikana na mawakili na wasimamizi wa vituo tu. Kwa ufupi kinasema hivi: ukifika kituoni ukakuta mtu ameshapiga kura kwa jina lako, msimamizi atakuuliza maswali ya kukutambua. Ukimridhisha, hutaruhusiwa kubonyeza mashine, ila utapewa karatasi, utaipigia kura, na itatiwa katika bahasha yake. Haihesabiwi pamoja na nyingine. Inasubiri mahakama, endapo mahakama itaitaka.

Novemba 2018, sikukuu ya Diwali, kifungu hicho kikavu kikapanda kwenye pazia la sinema. Filamu yenyewe ni Sarkar, ya Kitamil, iliyoongozwa na A. R. Murugadoss, muziki wa A. R. Rahman, na staringi wake ni Vijay, mwigizaji ambaye filamu yake inapotoka Chennai mashabiki huamka alfajiri kumwagia maziwa sanamu zake za mbao. Vijay anaigiza Sundar Ramaswamy, bosi wa kampuni kubwa ya Marekani. Anatua Chennai, na wafanyabiashara wote wa mji wanatetemeka wakidhani amekuja kuwameza. Kumbe amekuja kupiga kura. Anafika kituoni, anakuta jina lake limeshatumika.

Mpaka hapo hadithi ni nzuri kupita kiasi. Mtu mwenye fedha za kununua nusu ya jiji anazuiwa na karani mwenye daftari na kichupa cha wino. Anaweza kurudi Marekani akalisimulia jambo hilo kama kichekesho. Badala yake anakwenda mahakamani, anaitaja 49P, na wananchi wengine walioibiwa kura wanajitokeza nao. Mkusanyiko wa watu, kila mmoja na malalamiko yake madogo yenye jina na namba ya kituo, unawatisha wanasiasa kuliko bunduki yoyote. Naomba mlikumbuke jambo hili, maana filamu yenyewe inalisahau mapema.

Msidhani ni ndoto za watunzi. Mwaka 2008, katika jimbo la Rajasthan, C. P. Joshi, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Congress wa jimbo zima, alishindwa katika eneo la Nathdwara kwa kura moja. Mpinzani wake alipata 62,216, yeye 62,215. Suala la kura za bahasha likaingia katika kesi, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu mwaka 2011. Hakuna aliyerushiwa ngumi. Palikuwa na majaji, mawakili na karatasi chache, na juu ya karatasi hizo lilining'inia swali la nani awe mbunge. Mimi ningelipa kiingilio kuiona filamu hiyo.

Lakini Sarkar ni filamu ya mapambano, na staringi lazima apigane. Hapa kwetu tumelelewa na sinema za Kihindi, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, na tunajua kwamba staringi hafi. Wengi wetu, hata hivyo, tunazoea kuziweka zote katika kapu moja, ilhali za Kitamil zina kiwanda chao Chennai, mtaa wa Kodambakkam, na zina historia ambayo Mumbai haina. Katika Tamil Nadu sinema imetawala, na nasema hivyo bila kutia chumvi. C. N. Annadurai, mwandishi wa michezo na filamu, alishika uwaziri kiongozi wa jimbo mwaka 1967. Akafuatiwa na M. Karunanidhi, aliyeandika Parasakthi ya mwaka 1952. Mwaka 1977 akaja M. G. Ramachandran, nyota aliyependwa kuliko wote, akafariki akiwa madarakani mwaka 1987. Mkewe Janaki, naye mwigizaji, alishika kiti kwa wiki chache. Kisha, mwaka 1991, Jayalalithaa, aliyewahi kuigiza pamoja na Ramachandran katika filamu nyingi.

Kwa hiyo filamu ya Kitamil inapoikemea serikali, inawakemea watoto wa nyumba yake. Hili lilidhihirika siku chache tu baada ya Sarkar kutoka. Mwanasiasa mwovu ndani yake, anayeigizwa na Varalaxmi Sarathkumar, aliitwa Komalavalli, jina lililosemwa kuwa ndilo Jayalalithaa alilopewa alipozaliwa. Jayalalithaa alikuwa ameshafariki Desemba 2016, lakini chama chake, AIADMK, ndicho kilichokuwa madarakani. Wafuasi wakachana mabango nje ya majumba ya sinema. Jina likanyamazishwa katika sauti, maonyesho mengine yakakatwa. Murugadoss akakimbilia Mahakama Kuu ya Madras kuomba asikamatwe, na serikali ilipotaka aombe radhi, akakataa. Chama kilichoanzishwa na nyota wa sinema, mwaka 1972, kikaikata filamu kwa mkasi.

Onyesho lililowaudhi zaidi linastahili tulikalie kidogo. Katika wimbo mmoja watu wanatoa majumbani mwao vyombo walivyogawiwa bure na serikali na kuvitupa motoni. Murugadoss mwenyewe anaonekana humo akitupa chombo chake. Ujumbe uko wazi: kura yako ilinunuliwa kwa zawadi, sasa ichome zawadi ujikomboe.

Mimi sikubaliani naye, na nitaeleza sababu. Mwaka 2006 chama cha DMK kiliahidi televisheni za rangi bure. Mwaka 2011 AIADMK ikajibu kwa blenda, feni na mashine za kusagia. Nani alifaidika na mashine ya kusagia? Chakula cha asubuhi cha Watamil, idli na dosai, kinataka mchele na choroko nyeusi zilizorowekwa zisagwe mpaka ziwe rojo laini. Kabla ya mashine, kazi hiyo ilifanywa juu ya jiwe, na aliyeifanya ni mwanamke, ameinama, kila siku ya Mungu. Bosi kutoka Marekani anayemshauri mwanamke huyo achome mashine hajawahi kulishika jiwe lile. Tena ni katika jimbo hilohilo ambamo Ramachandran, mwaka 1982, alipanua mpango wa kuwapa watoto wa shule chakula cha mchana, na leo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeuita rushwa. Mpaka kati ya haki ya mwananchi na hongo ya mpiga kura ni mgumu kuuchora, na unastahili filamu nzima. Sarkar imeuchora kwa kiberiti.

Kuna jambo jingine la kuchekesha. Katika moto ule mashine za AIADMK ziliungua, televisheni za DMK hazikuguswa. Filamu ilitengenezwa na Sun Pictures, ya Kalanithi Maran, ambaye ni mjukuu wa dada yake Karunanidhi wa DMK. Sitaongeza neno.

Sasa tuitazame Sarkar pamoja na dada zake wakubwa. Mwaka 1996 Shankar aliongoza Indian, ambamo Kamal Haasan ni mzee aliyepigana katika jeshi la mpigania uhuru Subhas Chandra Bose na sasa anawaua maofisa wala rushwa mmoja mmoja. Binti yake alikufa kwa majeraha ya moto kwa sababu baba alikataa kutoa hongo hospitalini. Mwanawe, mkaguzi wa magari, anapitisha basi lenye breki mbovu, watoto wa shule wanakufa, na mzee anamuua mwanawe. Ile ni filamu kubwa, na ukubwa wake uko katika cheti cha breki: saini moja tu, na shule nzima inaingia msibani. Miaka mitatu baadaye, katika Mudhalvan, Shankar huyohuyo anamfanya mwandishi wa televisheni kuwa Waziri Kiongozi kwa siku moja. Barua za kuwasimamisha kazi wazembe zinachapwa papo hapo, njiani, na watazamaji wanapiga makofi kuliko kwenye ngumi.

Kisu, kisha barua, kisha kifungu cha kanuni. Watunzi wa Kitamil wamekuwa wakisogea polepole kuelekea mahali ufisadi unapoishi, yaani mezani, ndani ya faili, katika saini ya mtu mwenye mshahara mdogo na mamlaka makubwa. Lakini kila wanapofika wanaogopa kwamba watazamaji watasinzia, wanarudi kwenye ngumi. Na ngumi zina falsafa yake: zinasema ofisi haiponi, anayetakiwa ni mtu mmoja safi wa kuja kuikalia. Hiyo ndiyo imani iliyompeleka Ramachandran ikulu, na ndiyo imani iliyozaa mambo ambayo filamu hizi zinayalalamikia.

Kinyume na hofu ya watunzi, watazamaji hawakusinzia. Baada ya Sarkar, 49P ilizungumzwa na watu ambao hawakuwahi kufungua kitabu cha sheria, na katika uchaguzi wa bunge wa 2019 Tume ya Uchaguzi ikawaeleza wananchi kifungu hicho katika matangazo yake. Kwa kazi hiyo moja Sarkar, pamoja na kelele na majivuno yake, imefanya zaidi ya filamu nyingi zilizo bora kuliko yenyewe.

Februari 2024 Vijay alianzisha chama, Tamilaga Vettri Kazhagam, akatangaza kwamba ataiacha sinema. Si wa kwanza, na sitarajii awe wa mwisho. Kwa wanafunzi wa uandishi wa filamu mliomo ukumbini, ombi langu ni dogo: kabla hamjaandika onyesho la ngumi, someni kanuni za uchaguzi za nchi yenu, kifungu kwa kifungu, muone ni kipi hakijawahi kupanda kwenye pazia.