Mtande na Mshindio: Ufundi wa Kufuma na Maneno Yake Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, nguo iliyotawala soko hilo ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichofumwa kwa mashine huko Massachusetts, na kaniki ya Bara Hindi zilichukuliwa na misafara kutoka pwani, zikatumika kama fedha pamoja na shanga. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba watu wa bara hawakujua kufuma. Dhana hiyo ni potofu. Kusini zaidi, katika nchi ya Ufipa na bonde la Rukwa, pamba ililimwa, ikasokotwa, ikafumwa kwa mikono. Burton mwenyewe alieleza kitanda cha mfumi cha watu wa bara.

Kitanda hicho kililazwa karibu na ardhi. Nyuzi za mtande zilitandwa kati ya miti miwili iliyoshikizwa kwa vigingi. Mfumi akapitisha uzi wa mshindio kutoka upande hadi upande, akaubana kwa ubao bapa. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, na nguo moja ilichukua siku nyingi. Hapakuwa na darasa. Kijana alikaa karibu na mzee, akatazama, akakabidhiwa kwanza kazi ndogo, na jina la kila kitendo akalipata kitendo chenyewe kikitendeka.

Hapa ndipo penye suala la lugha. Ufundi wa Ufipa ulifundishwa kwa Kifipa. Kiswahili kilifika ziwani kwa njia ya biashara, yaani kama lugha ya kununua nguo, si ya kuifuma. Ndiyo maana msamiati uliosafiri na misafara ni ule wa kupimia: shuka ya mikono minne, doti ya shuka mbili, jora zima. Mtande na mshindio ni maneno ya pwani, ambako ufumaji ni wa kale sana (Ibn Battuta aliisifu nguo ya Mogadishu mwaka 1331, na wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vya kusokotea huko Kilwa), lakini hayakuwa na sababu ya kupanda bara. Nguo ilipanda ikiwa tayari. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilirahisisha tu jambo lililokwisha kuanza. Mzee wa Ufipa alibaki na ufundi wake, ila mwanafunzi hakuona faida ya kukaa karibu naye.

Kilichobaki katika Kiswahili cha leo ni vivuli. Mwanachuo akisikia neno kitanda hufikiri usingizi, wala hakumbuki kwamba linatokana na kutanda, na kwamba mfumi naye alikuwa na chake. Waandishi wa michezo hufumua vikosi. Wanasiasa, na wahadhiri pia, hawawezi kumaliza aya moja bila neno mfumo, nalo ni mtoto halali wa kitenzi kufuma. Aidha, kufuma na kusuka vinaanza kuchanganywa, ingawa msusi wa mkeka hahitaji kitanda wala mtande. Ukili wake humtosha.

Wako wanaopendekeza kwamba istilahi za ufumaji zikusanywe kwa hojaji. Njia hiyo ni dhaifu. Hojaji humwuliza mzee, "Hiki huitwaje?" akiwa ameketi kitini, mikono mitupu, naye hutoa neno la jumla, au hubuni moja ili kumridhisha mgeni. Orodha hutoka ndefu, na ndani yake hamna hata fundo moja. Mtafiti anayetaka neno la kubana uzi hana budi kupeleka pamba, kuomba miti isimikwe, kisha kukaa chini mahali alipokaa mwanafunzi, asiulize kitu mpaka ubao upige. Katika Rukwa wazee walioshika kazi hiyo wakiwa vijana wamebaki wachache mno, kama wapo.