Mawe ya Panda Hill na mashine ya eksirei

Msikilizaji, tuzungumzie madini. Panda Hill, nje kidogo ya Jiji la Mbeya, kuna niobiamu. Liganga, wilayani Ludewa, iliyokuwa mkoani Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012, kuna chuma chenye titaniamu na vanadiamu. Madini haya hutumika kwenye aloi za injini za ndege.

Sasa, eksirei inaingiaje hapo? Titaniamu ikifika nyuzijoto 882 hubadili mpangilio wa atomu zake ingali ngumu, haijayeyuka. Kwa macho huoni kitu. Ukiimulika kwa eksirei, mionzi hutawanyika kwa pembe maalumu, na pembe hizo humwonyesha mtaalamu atomu zimejipangaje. Ukiongeza vanadiamu, badiliko huja mapema, kwenye joto la chini zaidi. Elimu hiyo, kwa maoni yangu, ina thamani kubwa kuliko mawe yenyewe.

Wapo watakaosema: shule zetu ngapi bado zinahangaika na maabara ya kawaida, mashine za eksirei za nini? Hoja nzito hiyo. Lakini kwa upande wa pili, asiyejua anachouza hupangiwa bei na mnunuzi.

Je, wewe ungeanza na mgodi, au na maabara?